Siku Nilipobana Mafuta Mpaka Ukweni Wakalia

Wacheni nijicheke mwenyewe kwanza kabla nyinyi hamjaanza, maana najua mtacheka, na waliokuwepo siku ile kule Makere wanacheka mpaka leo, kiasi kwamba nikienda sokoni Kasulu kuna mama mmoja muuza dagaa huniita "Mwalimu wa Jeneza" mbele za watu, tena kwa upendo kabisa, na mimi naitika, nifanyeje. Mama yangu mzazi sijawahi kumsimulia. Anajua kila kitu, lakini alisimuliwa na shangazi.

Mimi ni Mpare wa Same, na hapo tayari nawaona mnaangaliana. Ndiyo, ni Mpare, na ndiyo, kisa chenyewe ni cha kubana matumizi. Tuendelee. Serikali ilinileta huku Kibondo kufundisha jiografia, nikapangiwa sekondari moja kule Kitahana, na baada ya kujikusanya nikanunua pikapu kuukuu la dizeli kutoka kwa mwalimu aliyekuwa anahama (aliniuzia huku akicheka, nilipaswa kushtuka hapo hapo). Pikapu lile lilikuwa linanywa dizeli kama lina kiu ya kulogwa, na moshi wake mweusi ulikuwa hivi: nikiliwasha asubuhi, wanafunzi wa mstari wa mbele paredi wanakohoa wimbo wa taifa.

Sasa ikaja semina Kasulu, ya udereva wa kubana mafuta na kupunguza moshi unaochafua hewa. Siwafichi, nilikwenda kwa ajili ya chakula, lakini nilirudi nimeokoka. Mkufunzi alitufundisha kujaza upepo wa kutosha kwenye matairi, kukanyaga pedali ya mafuta kama kuna kifaranga chini yake, kupanda gia mapema, kutazama mbali ili usifunge breki kila saa, kutobeba mzigo usio na kazi, kutorundika vitu juu ya gari vikapambana na upepo, na kuzima injini unaposimama kwa muda mrefu. Mambo ya maana kabisa, na ninayafanya mpaka leo. Mimi kwa akili yangu nikaongeza la kwangu, kwamba kama kuzima injini gari likiwa limesimama kunaokoa mafuta, basi kuizima mteremkoni kutaokoa zaidi. (Baadaye niliambiwa mkufunzi alilikataza hilo kwa ukali, lakini wakati analikataza mimi nilikuwa nje nafuatilia supu.)

Niliporudi Kitahana sikukalika. Niliwahubiria waendesha bodaboda, nikamhubiria mkuu wa shule, na Daforoza ndiye niliyemhubiria kuliko wote, na ni kwa sababu yake kisa hiki kipo.

Daforoza ni muuguzi wa zahanati, mchumba wangu wakati huo. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi wakiwa wadogo, sasa ni raia, wanalima na kuuza maharage pale Makere, watu wa kanisani, watu wa neno moja. Baba yake, Mzee Sabushimike, alishamkataa mchumba mmoja kabla yangu kwa kosa hili tu, kwamba aliingia uwanjani kwake na gari mbio, akawamwagia wageni vumbi na kuku mmoja akapotelea hapo. Mzee akasema mtu anayeendesha vile ataendesha vile vile na nyumba yake. Na Daforoza akaniambia wazi kwamba baba akikataa, yeye si mtu wa kutoroshwa, tutaachana hapo hapo kwa heshima. Nilikuwa nampenda (bado nampenda, anasoma hapa begani kwangu). Kwa hiyo siku ya kwenda kujitambulisha nikaapa moyoni kwamba Mzee Sabushimike hajawahi kuona gari likija kwa adabu kama litakavyokuja langu.

Zawadi ya mama mkwe ilikuwa kabati la vyombo, la mninga, refu, lenye milango ya vioo na vishikio vya kung'aa. Fundi wa Kibondo mjini alitaka tulisimamishe kwenye bodi ya pikapu, tulifunge kamba, na akanipa turubai la buluu la kulifunika, tena bure. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Nikamwambia kabati likisimama litapambana na upepo, lilazwe chali. Nikamwambia turubai linapepea, na kinachopepea kinakula mafuta, nikatoa shuka langu jeupe la kitandani, nikalivuta likakaza vizuri kila upande, nikalifunga na mpira, likawa limenyooka halina hata kunjo moja. Fundi alilitazama, akanitazama, akasema, "Mwalimu, kwa hiyo hivi ndivyo mtakavyokwenda?" Nikamwambia ndivyo. Akasema haya, safari njema, akaingia ndani. Mimi nikadhani amezidiwa na elimu.

Kabati likawa limechomoza nyuma, na sheria inataka kitu kinachochomoza kiwekewe alama. Kitambaa chekundu hatukuwa nacho. Mshenga wangu, Mwalimu Kashindi, Muha wa hapa hapa, mtu mzima wa kujua mila, akakata tawi la majani mabichi akalifunga nyuma, na kwa kuwa anapenda vitu vilingane akafunga na jingine mbele. (Kashindi alikesha anasahihisha mitihani, mnisamehee mshenga wangu, siku ile akili yake ilikuwa imelala kabla ya mwili.) Mbele tulikaa mimi na Shangazi Namsifu, aliyetoka Same kuja kuwakilisha ukoo, na shangazi yangu akikaa kwenye kiti cha pikapu hakibaki kiti. Kashindi akapanda nyuma na suti yake nyeusi ili alishike kabati lisicheze. Hata Kitahana hatukuwa tumeiacha mbali, alishalala, kalikumbatia kwa mikono miwili, uso chini.

Kwa sababu ya kwenda polepole barabara kuu nikawasha hazadi, zile taa zinazopepesa pande zote, nisije nikagongwa.

Nyinyi mmeshajua. Mimi nilikuwa sijajua.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa baiskeli. Alitusikia, akashuka, akavua kofia, akasimama kando mpaka tukapita. Nikamwambia shangazi, unaona, huku watu wana nidhamu ya barabara. Shangazi alikuwa ameshika leso mdomoni kwa sababu kona za milima zinamtapisha, na machozi yalikuwa yanamtoka. Mbele kidogo wanawake waliokuwa wanapalilia wakasimama na majembe yao, mmoja akatuambia poleni sana. Nikateremsha kioo nikamshukuru, nikamwambia tumezoea. Lori moja la maharage lililokuwa linatupigia honi kwa hasira lilipotukaribia likanyamaza ghafla, likawasha taa, likatufuata nyuma kwa mwendo wetu, tena kwa nafasi nzuri kama tulivyofundishwa. Mwenzenu nilijaa kichwa. Niliona kabisa kwamba yule dereva amenitazama ninavyokanyaga mafuta akaona aibu ya maisha yake. Kwenye kizuizi askari hakuomba leseni wala nini, alinyanyua chuma mwenyewe, akavua kofia, akaiweka kifuani. Nami nikampungia mkono taratibu, kama kiongozi.

Nyuma sikuwa naona kitu, Kashindi na kabati lake wameziba kioo, na vioo vya pembeni vilikuwa na historia yao. Ningeona, ningeona bodaboda zimejipanga, baiskeli zimejipanga, na lile lori likisimama kila baada ya muda kuwapakia akina mama waliotoka shambani na vikapu vya unga na mafungu ya kuni. Huku kwetu (nasema kwetu, nimeshahamia) msiba ukipita huulizi nani amekufa. Kuuliza ni ukosefu wa adabu. Unaacha ulichokuwa unafanya, unabeba ulichonacho, unajiunga, jina utalisikia huko huko mbele wakati wa kuzika.

Shangazi kwa ile hofu ya miteremko akaanza kuimba tenzi, kwa sauti ya chini, zile za kanisani kwao za kusindikiza. Kila nilipozima injini mteremkoni, pikapu lilinyamaza kabisa na sauti ya shangazi ikasikika mpaka nyuma, na nyuma wakaidaka. Nikasikia kwaya nzima, sauti zote nne. Nikamwambia shangazi kuna watu wanafanya mazoezi kwenye lori, na wanajua kuimba.

Nyumba ya Mzee Sabushimike iko bondeni, kuna njia ndefu inayoteremka toka barabarani mpaka uwanjani, migomba huku na huku. Nikasema hapa ndipo pa kuonyesha. Nikazima injini juu kabisa, nikaliachia pikapu litiririke lenyewe, kimya, bila moshi, bila vumbi. Katikati ya mteremko nikagusa breki, nikakuta pedali imekuwa ngumu kama jiwe (ndilo alilolikataza mkufunzi wakati niko kwenye supu), usukani nao mzito, basi tukaingia uwanjani hatuna haraka lakini hatuna uwezo wa kusimama, tukapita chini ya turubai la wageni, tukaondoka na nguzo moja, na pikapu likatulia lenyewe kwenye lundo la magunia ya maharage, upole ule ule.

Pale uwanjani walikuwa wamejipanga na nguo zao nzuri, akina mama wameshaweka mikono midomoni tayari kupiga vigelegele. Vigelegele havikutoka. Waliona shuka jeupe, waliona majani, waliona mtu wa suti nyeusi amelala juu yake, waliona mwanamke mkubwa analia ndani ya gari, na nyuma yetu bonde zima linashuka linaimba.

Nami nikashuka, nikanyoosha koti, nikasema maneno niliyoyafanyia mazoezi wiki nzima.

"Wazazi wangu, tumefika. Tumekuja polepole, hatukutaka kuwashtua."

Hapa lazima niwaambie jambo ambalo nililijua nikalisahau. Daforoza ana kaka yake, Yoramu, mkubwa wao, aliyekwenda machimboni Geita, na simu yake ilikuwa haipatikani kwa muda mrefu sana. Katika nyumba ile hakuna aliyelitamka, lakini kila mtu alikuwa analisubiri. Mama mkwe alilitazama lile shuka, akasema kwa Kirundi, "Yoramu, mwana wanje," yaani mwanangu, akaanguka chini palepale kama mtu aliyekatwa miguu. Daforoza akamkimbilia. Bibi akaanza kulia, wakalia wote, na wanaume wa kwenye lori wakaruka, wakafungua mpira, wakalinyanyua kabati kwa heshima, wakalipitisha mikononi, wakaliweka juu ya ile meza iliyotandikwa kwa ajili yetu, kati ya soda na vikombe. Kelele zikamwamsha Kashindi. Akafungua macho, akaona watu wanalia, na yeye akaanza kulia, tena kwa nguvu kuliko wengine, maana ndivyo alivyolelewa, unalia kwanza.

Mzee Sabushimike peke yake hakulia. Alikuja mpaka nilipo, kavua kofia, uso wake umekauka, akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Imekuwaje?"

Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Vizuri sana mzee. Hata robo tanki hatujatumia."

Sijui kwa nini hakunipiga. Mpaka leo nikimtazama mikono yake najiuliza. Labda hakunisikia, kwa sababu wakati ule mama mmoja wa kitenge cha buluu, ndiye aliyekuwa anaongoza nyimbo kwenye lori, alikuwa anasema mama mzazi aonyeshwe uso kabla ya lolote, wakamshika mkwe wangu huku na huku, wakamleta mezani, wakavuta shuka.

Vioo. Vishikio vinang'aa. Na ndani, vikiwa vimefungwa vizuri, vikombe alivyokuja navyo shangazi kutoka Same na chupa ya chai yenye maua ya waridi.

Kisha mwendesha bodaboda mmoja akainama, akagonga mbao kwa kidole, akasema taratibu, "Hili ni kabati." Mama wa kitenge cha buluu akanigeukia akataka kujua sasa aliyekufa ni nani, kwa sababu yeye ameacha shamba lake nusu, na alikuwa na haki kabisa ya kuuliza, ila mimi sikuwa na maiti ya kumpa. Nikaanza kueleza. Nikaeleza upepo, nikaeleza kabati kulala, nikaeleza moshi na hewa ya dunia, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga, mpaka nikafika kwenye kifaranga chini ya pedali nikakomea hapo. Nilimtazama Daforoza, kapiga magoti anampepea mama yake kwa upande wa khanga, hakunitazama, na nikajua kwamba nimempoteza. Niwaambieni ukweli, nilitaka kulia na mimi, na safari hii ningekuwa nalia msiba wa kweli.

Mama mkwe alikataa kuamini kabati. Alisema kama Yoramu si huyo, basi aletwe asikie sauti yake, asipoisikia hatakula wala hatanyanyuka pale chini. Wakapiga simu yake, haipatikani kama siku zote. Ndipo yule dereva wa lori, aliyewahi kupeleka maharage machimboni, akakumbuka ana namba ya mama lishe wa kule. Akapiga, akafungulia spika, akaeleza, yule mama akasema anamjua, anakula kwake kwa mkopo, tukasikia anaitwa kwa sauti, tukasikia ndala zinakuja. Halafu ikaja sauti ya kijana mwenye usingizi, inasema haloo.

Mkwe wangu alimtukana mwanawe kwa Kirundi kwa muda ambao sikuwahi kusikia mtu akitukana bila kupumua, na watu wote pale wakawa wanafuta machozi wanacheka. Yoramu alikuwa mzima. Simu iliibiwa, akaona aibu kupiga akiwa hana kitu, siku zikapita, ndiyo hivyo. Aliuliza tu zile kelele ni za nini. Mama wa kitenge cha buluu akamwambia, ni sisi, tumekuja kukuzika.

Basi watu wakabaki, maana kilicholetwa kwa ajili ya msiba hakirudishwi nyumbani. Wakasimamisha nguzo niliyoiangusha, kuni zikawashwa, unga ukasongwa, wageni waliopangwa kuwa wachache wakawa bonde zima. Mzee Sabushimike akakaa kwenye kiti chake, akaomba kimya, akaniita mbele.

"Mwalimu," akasema, "umeniletea mwanangu maiti, ukanirudishia akiwa hai, yote kabla ya chakula. Sijui nikufukuze au nikukalishe."

Shangazi Namsifu akanyanyuka kunitetea. Alisema huyu ni wetu, ni mtoto mwema, ila tangu mdogo akipewa jambo moja zuri hulifanya mpaka linageuka. Kashindi naye, macho yamevimba kwa kilio cha bure, akaongeza kwamba yeye kama mshenga hana la kusema kwa sababu hakuwepo, alikuwa amelala. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kwao mambo hayaamuliwi na baba peke yake. Huitwa binti, mbele ya wote, akaulizwa kama anawafahamu hawa wageni. Akisema hawafahamu, mnakusanya vitu vyenu mnaondoka, hakuna wa kumuuliza kwa nini. Daforoza akaitwa. Akaja na vumbi magotini, nguo yake ya siku ile imelowa machozi ya mama yake. Mzee akamwuliza, "Mwanangu, huyu mtu unamfahamu?"

Alinitazama. Aliligeukia pikapu na yale majani yake, akaligeukia kabati mezani, akarudi kwangu. Moyo wangu ulikuwa umezimwa kama ile injini.

"Namfahamu, baba," akasema. "Ndivyo alivyo."

Mama mkwe ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, akiwa bado chini, na bonde zima likamfuata.

Tulioana. Mzee aliweka sharti kwamba siku ya harusi nisishike usukani, na kabati lisimame wima tangu saa ile na lisilazwe tena hata kwa kupiga deki. Nami nimeapa mbele ya mke wangu kwamba sitazima tena injini gari likiwa linatembea, na kwamba shuka jeupe ni la kitandani. Kubana mafuta sijaacha. Matairi yana upepo, pikapu limefanyiwa matengenezo na moshi umepungua mpaka wanafunzi wanaimba wimbo wa taifa hadi mwisho, na bado nakanyaga kifaranga kwa upole. Ila nikiona mtu kando ya barabara ameanza kutuangalia kwa huruma, napiga honi, nateremsha kioo, na Daforoza anatoa kichwa nje na kumwambia kabla hajavua kofia, "Hatuna msiba, mzee. Ni mume wangu tu anaendesha."